Kikohozi cha Mlangoni

Thika, 10 Februari 2025

Kiama, mwana wa kaka yangu,

Hujambo? Lynn hajambo? Na Emmah wetu, ameanza kusimama au bado anatambaa? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeamua kustaafu kama mwenyewe. Kuku wanataga vizuri. Mayai haya kumi na mawili ni ya Emmah, si ya baba yake. Nimempa Warigia barua kwa sababu yeye huleta mayai Ruiru kila Ijumaa, na kwa sababu simu ni ya kuulizia bei ya nyanya. Jambo zito huandikwa.

Zito lenyewe ni hili. Jumamosi iliyopita tulikuwa Juja, mimi na akina mama wa kanisa, kwa ibada ya baba yake Maxine, yule niliyemfundisha darasa la saba. Baba mtu aliitwa Nicanor, Mluhya, fundi wa mitambo kiwandani. Baada ya ibada mwili ulikuwa unasafirishwa kwao Bungoma. Nikakaa benchi la nne na kitambaa changu cha kichwa. Programu zikagawiwa. Mchungaji akasimama kusoma wasifu wa marehemu.

Akasoma: "Hakuwahi kuingia nyumbani bila kukohoa kwanza mlangoni, ili kama tunamsema, tupate nafasi ya kunyamaza." Watu wakacheka kidogo, wakalia kidogo. Mimi nilikauka. Sentensi hiyo niliiandika mimi, kwa mkono huu, Mei mwaka jana, mume wangu Bedan akiwa bado mochari. Nikakupa wewe uichape pale saiba yako, kwenye duka lako la kompyuta, ukaichapa bure, nikakubariki.

Nikajiambia labda ni sadfa. Mchungaji akaendelea: marehemu alipanda mikahawa mia mbili kwa mikono yake kule Gatanga. Wana wa Nicanor wakatazamana. Mkubwa akamnong'onezea mdogo, na nilijua wanaulizana shamba hilo liko wapi na nani ana hati. Halafu, Kiama, mchungaji akapaza sauti: "Ameacha mjane, Mwalimu Ngendo, aliyemtunza hadi pumzi ya mwisho."

Mjane alikuwa amekaa pale mbele. Anaitwa Nekoye. Aligeuka. Kanisa zima likageuka. Na jirani yangu wa benchi, ambaye Mungu alimpa mdomo kabla ya akili, akaninyooshea kidole: "Si Mwalimu Ngendo ndiye huyu!"

Miaka sitini na sita nimelilinda jina langu, leo nimekuwa mke wa pili wa mwanamume niliyemwona mara ya kwanza akiwa ndani ya sanduku.

Umeiba, Kiama. Sina neno lingine. Tarehe 24 Mei tunafanya ukumbusho wa mwaka mmoja wa Bedan. Utasimama mbele ya watu na kusema kwa kinywa chako, "Mimi ni mwizi, niliiba maneno ya Tata." Ukishasema, yataisha, nami nitakupa chapati.

Ni mimi shangazi yako,
Mwalimu Ngendo


Gatongora, Ruiru, 27 Februari 2025

Tata yangu,

Habari ya siku mingi? Sisi tuko, tunasukuma tu. Emmah ametoa meno mbili na amening'ata na zote. Lynn anasema asante kwa mayai. Zilifika kumi na moja. Warigia anasema ya kumi na mbili "ilijivunja yenyewe", na vile alikuwa anapangusa mdomo tukaamua tusiulize.

Hiyo barua nimesoma mara tatu. Mara ya kwanza niliogopa, ya pili nilicheka mpaka mteja akatoka, ya tatu nikajisikia vibaya kabisa. Pole, Tata. Pole sana.

Lakini nikueleze vile ilikuwa. Wale vijana wa Nicanor walikuja saa nane mchana, ibada ni kesho asubuhi, na hawana hata mstari mmoja. Nikawauliza, baba yenu alikuwa mtu wa aina gani? Wakasema, "Alikuwa mtu mzuri." Nikangoja. Wakakwama hapo. Mkubwa anaangalia viatu, mdogo anaangalia feni ikizunguka. Watu wengi hukwama hapo, Tata, haujui. Huwa wanapenda mtu miaka arobaini na hawana maneno ya kujaza ukurasa. Sasa mimi nikafungua ya Anko Bedan, hiyo nimeihifadhi kwa mashine na jina WASIFU SAFI, nikawasomea ile ya kukohoa. Huyo mkubwa akafunga macho. Akasema, "Huyo ndiye baba."

Nikaambia mashine itoe Bedan iweke Nicanor kila mahali. Ikatii. Lakini mke na mikahawa hakuna mtu aliiambia. Hapo ndio nilikosa na nakubali.

Kuiba ndio nakataa. Kuiba ni kitu kitoke. Nikichukua kuku yako usiku, asubuhi utahesabu na utakosa kuku. Nimechukua wasifu, na asubuhi wasifu iko hapo hapo kwa kabati yako, na manyoya yake yote. Hata sheria ina jina lake kwa hiyo maneno, inaitwa kukiuka hakimiliki. Ni kosa, sawa. Mwenye kosa hilo hupelekwa kortini, hachomwi na tairi.

Kwa ukumbusho nitasimama niseme nilinakili bila ruhusa. Nitasema mara mbili ukitaka. Lakini hilo neno lingine sisemi. Baba yangu alikufa kwa hilo neno na wewe ulikuwepo. Mama, hata panya ikikula unga, haiiti hivyo. Husema, "yule mgeni".

Wako,
Kiama


Thika, 19 Machi 2025

Kiama,

Barua yako ilikaa wiki mbili chini ya trei za mayai. Imenifikia na kiini cha yai kwenye tarehe. Mvua imeanza huku. Mahindi yameota. Goti nalo linajua mvua kabla ya redio.

Umenifundisha habari za kuku. Asante. Sasa mwalimu akufundishe.

Nimemtuma Warigia akanikusanyie programu za mazishi kwa wateja wake wa Ruiru. Ameleta nne. Tatu ni za kwako. Namba yako ya simu iko chini, "kwa kazi nadhifu". Wote watatu walikohoa mlangoni! Mmoja wao ni mwanamke. Mwingine, kwa mujibu wa picha, alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na mlango wa kwake. Mwezi uliopita nilimwambia mgeni jinsi Bedan alivyokuwa akikohoa, akanijibu, "Aah, kama yule mzee wa Membley." Unaona? Wasifu uko kabatini, ndiyo, na manyoya yake. Lakini zamani kikohozi kile kilikuwa cha mtu mmoja duniani. Sasa ni kama salamu. Hicho ndicho kilichotoka, na asubuhi nimehesabu nikakikosa. Mtu akichukua kitu cha mwenzake bila ruhusa, mwenyewe akabaki amepungukiwa, kwa Kiswahili nilichofundisha miaka thelathini na nne huitwa wizi. Aliyefanya ana jina lake pia.

Akina mama waliniuliza mambo ya Juja yaliishaje, maana hadithi ya mke wa pili imekolea na wengine wameanza kunipa pole ya "ile siri". Nikasimama kwenye mkutano wetu nikawaambia ukweli: mimi si mke wa pili wa mtu, ila mwana wa kaka yangu pale Gatongora ni mwizi. Warigia alikuwepo, anauza mayai. Mficha maradhi kilio humfichua.

Mpe Lynn salamu. Emmah asile chumvi nyingi.

Tata Ngendo


Gatongora, 8 Aprili 2025

Tata,

Tuko salama. Emmah amesimama! Alishika mashine ya fotokopi akasimama, akabonyeza kitufe, tukapata nakala ya tumbo lake. Nakutumia uiweke ukutani.

Umeruka maneno ya Baba kwa barua yangu. Nimeona umeruka. Sawa.

Hiyo ya kijana wa miaka kumi na tisa na huyo mama, naona haya. Nilikuwa nimechoka. Sijitetei.

Lakini ngoja nikuambie kitu kimenitoa moshi. Unajua zile programu zangu: ule mpaka wa maua nilichora mwenyewe siku tatu, mshumaa kwa kona, njiwa inaangalia chini si juu, kwa sababu nilisema njiwa yenye huzuni haiwezi kuangalia juu. Jana mteja ananionyesha programu ya Kamakis. Mpaka ni ule. Mshumaa ni ule. Njiwa inaangalia chini! Ni Eddie wa Kamakis, yule tulifanya kozi na yeye. Amechukua kazi yangu yote akaweka namba yake. Nikampigia simu, ananiambia, "Buda, si yako bado iko kwa mashine yako?" Mimi nikamwambia yeye ni m̶w̶i̶z̶i̶ mtu hana adabu.

Wako,
Kiama


Thika, 16 Aprili 2025

Kiama,

Hatujambo. Tumbo la Emmah liko ukutani karibu na kalenda.

Umeandika neno ukalikata kwa mstari mmoja. Mwalimu husoma yaliyokatwa kwanza. Nilicheka mpaka Warigia akaingia kuuliza kama nimepata wazimu. Njiwa wako si bado yuko kwa mashine? Umemhesabu asubuhi? Manyoya yote yapo?

Basi tarehe 24 Mei tutakuona.

Tata


Gatongora, 14 Mei 2025

Tata,

Salamu fupi. Emmah ni mzima. Lynn amempeleka kwa mama yake.

Nilinyamaza mwezi mzima kwa sababu nilikasirika na ulivyocheka. Sasa naandika kwa sababu nyingine. Jumatatu pampu ya maji ya ploti yetu ilipotea. Watu walikusanyika hapo kwa tangi wakiulizana. Mmoja akasema, "Si kuna huyu wa saiba? Si shangazi yake mwenyewe wa Thika alisema ni mwizi?" Warigia alikuwa ameleta hilo neno na mayai, Tata. Mlango kwa mlango. Sidhani alikuwa na nia mbaya, ni vile ilikuwa stori tamu.

Walikuja saa tisa mchana, jua linawaka, watu kama kumi na watano. Watu nawajua. Nimewachapia vyeti, nimewajazia fomu za kodi. Mmoja alikuwa na kipande cha mbao. Lynn alimpitisha Emmah kwa dirisha ya saluni ya jirani. Nilisema, "Jamani, ilikuwa wasifu! Niliiba wasifu!" Unaona? Nililisema. Ulitaka niliseme na nikalisema, nikishika mlango na mkono mbili. Hakuna mtu aliuliza ni mwizi wa nini. Ukishaitwa hivyo huulizwi.

Mzee Kyengo, mwenye ploti, ndiye alitokea akawatuliza. Lakini amenipa mpaka mwisho wa mwezi nihame. Anasema ananiamini, ila hawezi kukaa na jina kama hilo kwa ploti.

Nilikuwa na miaka miwili wakati walimtoa Baba pale kwa kiwanda cha kahawa. Sikumbuki sura yake. Nakumbuka tu kile Mama alisema, kwamba gunia la kahawa walisema ameiba lilipatikana wiki iliyofuata nyuma ya mizani, halijafunguliwa hata kamba. Na wote wakakuja kusema pole.

Kwa ukumbusho sitakuja.

Kiama


Thika, 16 Mei 2025

Kiama mwanangu,

Sina salamu za kuanza nazo. Nimeanza barua hii mara nne.

Ndani kuna karatasi ya pili, ni ya Mzee Kyengo. Imeandikwa kwamba Kiama hajawahi kuchukua kitu cha mtu yeyote, kwamba aliyemwita mwizi ni mimi, Ngendo, na kwamba nilikosea. Nimeitia sahihi na namba ya kitambulisho. Nakala nyingine anayo Warigia. Nimemwamuru aisome kwa kila mlango alikopeleka lile neno, herufi kwa herufi, kabla ya kuuza hata yai moja. Analia, lakini atasoma. Kesho nitakuja mimi mwenyewe na goti langu, na nitakaa mbele ya saiba yako kwenye kiti mpaka kila mtu wa ploti hiyo anione.

Bado nasema ulikosea. Maneno ya mtu ni mali yake na ulipaswa kuniuliza. Lakini nimetafuta jina la kosa lako na mwizi silo. Hapa kwetu neno hilo halielezi kosa. Linaita watu.

Sasa nikuambie nililoruka.

Bedan hakukohoa mlangoni hata siku moja. Muulize mtu yeyote aliyemjua. Bedan alikuwa akiingia huku anauliza chakula kiko wapi. Aliyekuwa akikohoa ni baba yako. Alikuwa akija kwangu jioni kutoka kiwandani, anasimama nje, anakohoa kile kikohozi cha uongo, nasi tunajua ni yeye, tunabadilisha mazungumzo kwa sauti kubwa ili asikie tumebadilisha. Halafu anaingia akicheka.

Tulimzika Jumanne asubuhi, watu wanane. Hapakuwa na programu. Mchungaji wa wakati huo alisema, kwa mtu wa aina hiyo hakuna la kusomwa. Na mimi, mwalimu, mwenye kalamu mfukoni, nilinyamaza. Nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Niliogopa kuitwa dada ya mwizi. Gunia lilipopatikana, mazishi yalikuwa yamepita, na wasifu hausomwi juu ya kaburi lililokwisha kuota nyasi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Bedan alipokufa nikapata kanisa, maikrofoni na watu mia tatu. Nikamwingiza kaka yangu humo kwa mlango wa nyuma. Sentensi moja tu. Kwa hiyo, kama unataka hesabu za kuku, nilimnyang'anya marehemu mmoja kikohozi nikampa marehemu mwingine, bila ruhusa ya yeyote. Kisha nikakuandikia barua za hasira kwa sababu umefanya kama mimi. Ngai anisamehe. Na wewe ukiweza.

Karatasi ya tatu ni wasifu wa baba yako. Kurasa mbili. Jina lake, Gathogo, sikuwa nimeliandika kwa miaka ishirini na saba. Uchape. Njiwa aangalie popote unapotaka. Na jina la mwandishi liweke chini, kubwa, maana mimi bado ni yule yule.

Njoo kwa ukumbusho. Mtu hatasema lolote kuhusu wizi. Utasoma hizo kurasa mbili, basi.

Tata yako


Gatongora, 30 Juni 2025

Tata yangu mpendwa,

Habari ya nyumbani? Goti je? Lynn na Emmah wamerudi. Emmah anatembea na anavunja. Mzee Kyengo amesema tukae, na bado anakuuliza kama utarudi kukaa kwa kile kiti, anasema ploti haijawahi kuwa na adabu kama siku hiyo. Pampu ilipatikana. Fundi wa maji alikuwa ameibeba kuitengeneza na akasahau kusema. Watu wamekuja kusema pole. Nimewachapia fomu zao.

Hatujaongea vizuri tangu ukumbusho, kulikuwa na watu wengi. Nataka ujue Mama amekunja ile programu akaiweka kwa Biblia. Nilipofika kwa mstari wa kukohoa, uliona alicheka? Mimi sikuwa nimewahi kumsikia akicheka juu ya Baba. Usiku huo alinipigia simu kunieleza mambo mengine kumi, vile alikuwa anavaa kofia, vile alikuwa anakosea maneno ya nyimbo. Nimeandika zote. Ukitaka kuzitumia uniombe ruhusa.

WASIFU SAFI nimeifuta kwa mashine. Sasa wakikuja wakikwama kwa "mtu mzuri", nawaletea chai na nauliza maswali. Alikuwa anaingiaje nyumbani? Alikuwa anaitaje mbwa? Inachukua saa nzima na foleni inalalamika, lakini karatasi inajaa.

Juzi tulipita Kamakis kula nyama. Kwa meza ile ya karibu na ukuta mtu alikuwa ameacha programu ya mazishi, ya mzee fulani wa Githurai simjui. Nikaifungua tu kwa mazoea. Njiwa wangu yuko, anaangalia chini. Ndani, ukurasa wa pili, maneno yako yote ya Baba, kutoka mwanzo: alivyosimama nje jioni, alivyokohoa, mlivyobadilisha mazungumzo ili asikie. Jina lako limetolewa. Langu limetolewa. Gathogo ametolewa, amewekwa huyo mzee. Chini, namba ya Eddie.

Lynn aliisoma juu ya bega langu. Alikasirika kuliko mimi. Akatoa simu akasema, "Mpigie sasa hivi! Hii ni ya Baba yako!"

Nikakaa na hiyo karatasi mpaka nyama ikapoa. Walimzika watu wanane, Tata, bila neno moja. Sasa ameshasomwa Thika, na ameshasomwa Githurai, na huyo Eddie vile namjua hataachia hapo.

Nikamwambia Lynn aweke simu. Nikamwambia, wacha aibe.

Kiama wa Gathogo